Nifundishie Kusimama

Ninyi vijana mnaofundisha mazoezi siku hizi mna filimbi za chuma, viatu vya kamba na saa za kupimia mbio. Mimi nilikuwa na sauti, magoti mawili na jiwe moja la kusagia. Sauti bado ninayo. Goti moja liliharibika, na ndilo lililonistaafisha kabla sijawa mzee. Jiwe liko mlangoni kwangu hadi leo, na mtu akilisogeza hata kidogo tunagombana.

Nilisoma madarasa mawili, na la pili nililala nusu yake. Lakini ulizeni nani aliwafundisha wavulana wa misheni yetu, huku upande wa Kewanja, kuvuta kamba hata wakawaburuta polisi. Ni mimi. Hakuna aliyenishika mkono. Mazoezi niliyajifunza jeshini wakati wa vita, kwa kutazama na kwa kupigwa mateke, nikarudi nyumbani na kaptula mbili na kifua hiki. Watu wakaniita Sajini. Kwa kweli jeshini nilikuwa koplo, ila sikuona sababu ya kuwasumbua watu kwa marekebisho.

Basi mtu wa namna hiyo, aliyelala kwenye mahandaki ya Burma huku miti ikikatika juu yake, alikuja kuogopa nini? Alikuja kuogopa kijana mmoja aliyekimbia vizuri kupita kiasi.

Jina lake Muniko. Miaka ile ya hamsini alikuwa amekwisha ota ndevu. Hakusema neno, alikuwa na mvumo tu, kama nyuki ndani ya mzinga, akiutoa akifurahi na akiutoa kwa nguvu zaidi akiogopa. Hakukutazama usoni, alitazama pembeni ya sikio lako. Ukimpa maharage aliyapanga mstari ulionyooka kuliko mistari ya shule yangu, na ukiondoa moja alijipiga kichwa. Wengine walisema bubu, wengine kichaa. Mimi nasema hakuwa hata kimoja. Mvua aliisikia kabla ya mbuzi. Njia akiipita mara moja hakuisahau. Daktari wa misheni aliniambia huko Ulaya wameanza kuwapa watu kama hao jina, jina refu, sikulishika, naye mwenyewe alilitamka kama mtu asiye na hakika nalo.

Mama yake, Bhoke, alikuwa mjane. Akienda shambani alimfunga Muniko mguu kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya nyumba. Msimlaumu. Muniko alikuwa na tabia ya kutoroka bila sababu unayoiona. Alikuwa amepatikana mara mbili ukingoni mwa mto Mara, penye mamba, akitazama maji. Na kulikuwa na jambo baya kuliko mamba. Kwetu ng'ombe wakiibwa hupigwa yowe, na yowe likipigwa kila mwanamume hutoka na upinde. Ukikutwa njiani unaulizwa wewe ni nani, wa wapi, wa rika gani. Hujibu, unakimbia? Wewe ndiye mwizi, na mishale haiulizi mara ya pili. Muniko hakuweza kujibu. Hata rika hakuwa nalo, maana wazee waliogopa kumpeleka jandoni na wenzake. Hakuwa na mtu wa kusema, "Huyu ni wetu."

Asubuhi moja mama huyo alinijia uwanjani.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba, Sajini. Unafundisha watoto wa watu kukimbia. Wangu anajua tayari. Nifundishie kusimama."

Nikamtazama Muniko nyuma yake, akizunguka nguzo ya goli mbio mbio, mguu haugusi ardhi. Nikasema, "Mama, umefika kwa mwenyewe. Mimi nimefundisha hata maksai wa mjomba wangu kulima."

"Mwanangu si ng'ombe."

"Sijasema ni ng'ombe. Nimesema mimi ni mwalimu."

Mzee mmoja aliyekuwa akipita na mbuzi wake akacheka hadi akaegemea fimbo. "Sajini, ukimaliza na huyo, uje uwafundishe kuku wangu kuogelea!"

Siku ya kwanza nilipuliza filimbi. Muniko alianguka chini, akaziba masikio, akauma mkono wake mpaka ukatoka damu. Filimbi ile niliifunga kwenye kitambaa na sikuipuliza tena mbele yake. Vijana, likamateni hili: kwa watu wa namna hii kelele si kelele tu, ni kama kumwagiwa maji ya moto. Usisimame mbele yake kama askari wa zamu. Simama ubavuni, tazama anakotazama, kama watu wawili wanaongoja mvua. Usimshike kwa nyuma hata kwa upendo. Maneno uyapunguze. Mimi ninayependa kusema hivi nilijifunza kukaa asubuhi nzima bila neno, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya duniani, pamoja na vita.

Nilimwonyesha kwa mwili wangu. Nikiruka, naye baada ya muda anaruka. Nikiinama, anainama. Saa ile ile, mahali pale pale, njia ile ile. Mjomba wangu wa maksai alikuwa akisema ng'ombe mpya hafundishwi kwa mdomo, hufundishwa kwa mtaro. Mpitishe kwenye mtaro mmoja hadi miguu yake iupende. Nilichagua njia: kutoka uwanjani, kupita mgongoni mwa kilima, kushuka karibu na kivuko, kupanda kurudi. Tawi likianguka njiani Muniko alisimama akalia mpaka nilitoe. Ukitaka kubadili, badili kitu kimoja, na vingine vyote uviache kama vilivyokuwa.

Sasa, kusimama. Hapo ndipo akili yangu ilipong'aa. Niliona kuwa nyumbani kwao kulikuwa na jiwe la kusagia, kuukuu, limekwisha katikati. Muniko akichafukwa alilinyanyua akalikumbatia kifuani, na mvumo wake ukashuka polepole. Mama yake akaniambia, "Akilibeba hilo hutulia kama mtoto aliyeshiba." Basi nikalipeleka uwanjani, nikaliweka mwisho wa njia, nikasimama kando yake. Akimaliza kukimbia anakuta jiwe. Anakuta, ananyanyua, anasimama, anapumua. Nikiligusa kwa kidole, analiweka chini, tumemaliza. Wazo hilo lilikuwa langu. Haya, jiwe lilikuwa la mama yake.

Mwili wake ulibadilika. Alianza kulala usiku, kitu ambacho hakukijua. Aliacha kujipiga kichwa. Kifundo cha mguu kilichokuwa na kidonda cha kamba kikapona, likabaki kovu jeupe kama bangili. Mama yake akathubutu kuiacha kamba ikining'inia kwenye nguzo bila mguu ndani yake. Lakini wazee wa mlima wetu walimwita wakamwambia waziwazi: siku atakapotoka nje ya njia ya Sajini, kamba irudi, na isifunguliwe tena. Akaniambia maneno hayo huku akisaga vidole vyake. Nikamjibu kwa kifua: "Mama, mbele ya jiwe anasimama kama mlingoti."

"Na pasipo na jiwe?"

Nikabadilisha mazungumzo.

Ilikuwa kiangazi, nyasi zimechomwa, mto umepungua hata ng'ombe wanavuka bila kuogelea. Ndio msimu wa wizi. Asubuhi nilikuwa uwanjani nimesimama kando ya jiwe langu, Muniko yuko njiani, ameshashuka upande wa kivuko. Nikasikia pembe. Halafu yowe. Si yowe la kwetu. Lilitoka ng'ambo, upande wa Nata, likavuka mto. Watu wa huko walikuwa wameibiwa, wamefuata nyayo za ng'ombe wao hadi kwetu, na watu hao hawakumjua Muniko hata kidogo.

Mnajua hofu ya vita? Ile unaigawana na wenzako. Hii niliibeba peke yangu. Nilijua yowe lile limemwingia masikioni kama filimbi mia, nilijua ameshatoka njiani, anakimbia na mikono kichwani, na kila anayekimbia hivyo machoni pa watu wale ana ng'ombe wao.

Nikalinyakua jiwe, nikaliweka begani, nikateremka kilima. Mtu mzima anakimbilia watu wenye mishale na jiwe la kusagia begani! Nusu ya njia goti likalia kama kuni kavu. Sikusimama. Mama Bhoke alitokea shambani, jembe mkononi, tukakutana penye mawe. Nilifungua mdomo niite, "Muniko!" Akaniziba kwa kiganja chenye udongo.

"Usimwite! Ukiita atakimbia zaidi."

"Basi niwaite wale!"

"Na wale ukiwapigia kelele, yeye atasikia nini?"

Hapo ndipo nilipoiona hofu uso kwa uso. Tukipiga kelele, anajitupa mtoni. Tukinyamaza, wanampiga. Sauti yangu, mali yangu kubwa, haikuwa na kazi.

Muniko alikuwa ameingia kwenye mwamba wenye mchanga juu, unaotokeza majini. Njia ya kufika pale ni moja, nyembamba, matete huku na majabali huku. Alikuwa akikimbia mbele na nyuma juu ya mwamba, masikio ameziba, mvumo wake unasikika mpaka kwetu. Nyuma yake maji yalikuwa ya kijani na hayakuonyesha kitu, na mto Mara usipoonyesha kitu ndipo wa kuogopwa. Kushoto kwetu, kando ya mto, wale watu walikuwa wanakuja, kundi kubwa, nyuta zimeshavutwa.

"Wewe nani? Simama! Jibu!" walipiga kelele. Muniko akazidi kukimbia.

Mama Bhoke akanisukuma. "Pita wewe kwanza."

Nikapita. Nyuma yangu nikasikia jembe likianguka. Nikageuka kidogo: mama amekaa chini mdomoni mwa ile njia nyembamba, mgongo kwenye jabali, miguu ameinyoosha njiani kama mtu anayeota jua. Hakusema neno. Vijana, ninyi mmezaliwa huku, mnajua. Hakuna mwanamume, wa kwetu wala wa ng'ambo, anayeruka miguu ya mama aliyeketi kisha akaendelea na safari ya upinde akitegemea kurudi nyumbani. Walikuja mbio, wakaiona miguu ile, wakagongana migongo kama ng'ombe langoni.

"Mama, toa miguu," akasema aliyetangulia, mtu mfupi mwenye koti la jeshi lililokatwa mikono.

Kimya.

"Mama, tunakuomba. Mwizi wetu yuko pale."

Nikasikia mmoja akinong'ona, "Ruka wewe."

"Ruka wewe, si ng'ombe ni wa baba yako?"

Mwingine akaona hana haja ya kupita. Aliachia mshale juu ya matete. Niliusikia ukipita, ukagonga mwamba karibu na kisigino cha Muniko, ukadondokea majini. Maji yakatikisika, na si mshale peke yake ulioyatikisa.

Nilifika. Nikaliweka chini mahali pa wazi, polepole. Nikasimama kando yake. Nikageuza uso, nikatazama mto, kama kila asubuhi, kama watu wawili wanaongoja mvua. Mgongo wangu mpana huu ukawa upande wa nyuta. Nilitaka kupiga kelele kwa nguvu zangu zote. Nilitaka kumkamata. Nilisimama.

Alinipita akaenda mpaka ukingoni. Nikasikia mchanga ukimomonyoka chini ya vidole vyake. Akarudi, akanipita tena. Akaenda. Nikafumba macho. Sala unazozijua zote zinakimbia wakati huo, nawaambia. Mimi nilikumbuka tu amri za gwaride.

Kisha mvumo ukaja karibu, ukakaa pale pale. Nikafumbua macho. Muniko amelikumbatia jiwe kifuani, amesimama wima, anatweta, anatazama pembeni ya sikio langu.

Kule kwenye matete yule mwenye koti akasema kwa sauti ya chini, "Mwizi gani huyu anayekamatwa na jiwe?"

Mtu mmoja akacheka, cheko la kuishiwa pumzi. Hapo ndipo mama Bhoke alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza, bado amenyoosha miguu. "Njooni mmoja mmoja, pole pole, bila kelele, mkamtazame kifundo cha mguu. Amefungwa kamba tangu utoto. Ng'ombe wenu aliwaiba akiwa na nguzo ya nyumba yangu?"

Akakunja miguu. Akaja yule mwenye koti peke yake, upinde ameuacha. Aliinama akatazama kovu, akatazama nyayo za Muniko kwenye mchanga, vidole vyote wazi. "Wezi wetu walivaa makatambuga," akasema. "Huyu avaa viatu?"

"Hata ukimvisha soksi atakuuma," nikamjibu.

Akanitazama. "Na wewe ndiye nani?"

"Sajini."

"Sajini wa nini?"

"Wa huyu," nikasema.

Akasema neno ambalo limenikaa mpaka leo: "Leo kulikuwa na jiwe. Kesho mtu mwingine akimkuta penye njia nyingine?" Wakaondoka kufuata nyayo za viatu vya wezi wao. Mimi goti likaniachia nikakaa palepale, na Muniko akabaki amesimama na jiwe lake, maana sikuwa nimeligusa.

Wazee walisikia, na kamba walitaka irudi siku ile ile. Mama Bhoke alikuja kwangu nikiwa nimelala, goti kubwa kama boga. Sikuwa na majigambo. Akasema, "Jiwe ni moja, Sajini. Njia ni nyingi."

"Kila nyumba ina jiwe la kusagia lililokwisha," nikamwambia. "Limetupwa nyuma ya jiko."

Hakunipongeza. Alikwenda mwenyewe, boma kwa boma, kwa wanawake, nao ndio waliowazuia wazee na kamba yao. Nilipoweza kusimama na mkongojo tukaanza. Muniko hakutaka jiwe jingine lolote. Basi tukalipeleka la kwao langoni pa jirani, tukaliweka karibu na la jirani, yakae pamoja kama mke mkubwa na mke mdogo. Siku moja tukaondoa la kwao. Akalizunguka lile geni, akavuma, akanusa, akalinyanyua. Tukaenda boma la pili. Hivyo hivyo, kwa uvumilivu wa kuchosha, tukafika mpaka miji ya juu ya mlima, na wenye nyumba wakajifunza naye: usimwite, usimshike, weka jiwe, simama kando, tazama pembeni. Nilidhani namfundisha yeye. Wanafunzi wangu wengi zaidi walikuwa wao, na wengine walikuwa wagumu kuliko maksai.

Mashindano ya Tarime hakukimbia kamwe. Kule huanzisha mbio kwa bunduki. Nilifundisha washindi wengine, majina yao mnayajua, na mwenye mbio zaidi kati yao angekula vumbi la Muniko. Kamba ile mama Bhoke alimfungia ndama, ndama akakua, kamba ikaoza. Jiwe la kwao likabaki kwangu.

Mnasema, basi Sajini, hofu imekwisha. Haijaisha. Hofu ya kazi hii haistaafu. Juzi asubuhi nilikuwa nakunywa uji nikasikia yowe upande wa mto. Uji ukamwagika mapajani. Nikalinyakua jiwe, nikatoka nikichechemea hadi langoni. Muniko ana mvi sasa, lakini miguu ni ile ile, na nilijua yuko njiani.

Nikatazama mlima. Kabla wanaume hawajatoka na nyuta, wanawake walikuwa wameshatoka. Boma baada ya boma, kila mmoja ameinama, anaviringisha jiwe kuukuu mpaka katikati ya njia, kisha anasimama kando yake, uso ameugeuza pembeni. Yowe likapanda kutoka mtoni, likanipita, likaenda juu. Nikangoja. Nikalikumbatia jiwe kifuani.

Halafu kutoka huko juu, ikishuka lango kwa lango, kwa sauti za chini za watu waliofundishwa kutopiga kelele, ikaja habari:

"Amesimama."

"Amesimama."

"Mwambieni mama yake. Amesimama."